Kaka anazimua kila asubuhi na hataki kusikia habari ya tiba: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo, mama mshauri. Naandika kwa ajili ya kaka yetu mkubwa, ana miaka 39. Alianza kunywa kama wengi wanavyoanza, mwisho wa wiki na rafiki zake. Huu ni mwaka wa tatu anazimua kila asubuhi. Bila hivyo mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Mkewe ameondoka, amemwachia binti wa miaka minane, na wote wawili wanaishi kwetu. Mama anamlipia madeni. Mimi nimeshampigia bosi wake simu mara nne kusema anaumwa tumbo. Mwezi uliopita tulimfungia chumbani ili aache. Usiku wa pili akaanza kuona wadudu ukutani na kuwafukuza kwa shati. Tukaogopa, tukampa pombe, akatulia. Kuna mtu ametuambia zipo dawa za kutia kwenye chakula bila yeye kujua. Mjomba anataka tuitishe kikao tumseme wote, na akikataa basi, sikio la kufa halisikii dawa. Mwenyewe anasema hana tatizo, ataacha siku akitaka. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole wewe, na umpe pole mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye shati. Mtu anayepunga shati kufukuza wadudu msiowaona ninyi haigizi, na wala hakurogwa. Alikuwa kwenye hatari ya kufa, na ninyi mlikuwa mmekaa naye bila kujua. Ndiyo maana nitaanza hapo, kabla ya swali lako lenyewe.

Pombe hupoza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujipanga kushindana na huo upozaji. Unajipandisha moto ili mwili uendelee na kazi zake. Siku pombe inapokatwa ghafla, cha kupoza hakipo tena lakini moto bado uko juu. Hiyo ndiyo arosto. Ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho huja tetemeko, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio na usingizi kupotea. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuanguka maishani mwake. Na kati ya siku ya pili na ya nne huweza kuja ile hali mbaya kuliko zote: anachanganyikiwa, hajui leo ni siku gani wala yuko wapi, anaona na kusikia yasiyokuwepo, joto la mwili na presha vinapanda. Watu wanaiogopa sana arosto ya heroini, na kweli ni mateso, lakini mara chache huua mtu mwenye afya. Ya pombe inaua.

Tena ina tabia moja ambayo familia hazijui: mtu akikatishwa ghafla, akarudia, akakatishwa tena, kila arosto huelekea kuwa kali kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo jaribio la pili la kumfungia chumbani lingeweza kuwa la mwisho. Siwalaumu kwa lile la kwanza. Mlifanya kwa upendo, na familia nyingi zimefanya hivyohivyo kabla yenu. Lakini msirudie. Asifungiwe, pombe yake isimwagwe yote kwa siku moja, na asiapishwe kwamba kesho ndiyo mwisho. Mpaka aonwe na daktari, mtu anayetetemeka asubuhi ni afadhali aendelee na kiasi chake bila kuongeza. Najua inauma kusoma maneno hayo yakitoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kusaidia watu waache pombe. Lakini huo ndio usalama wake kwa sasa.

Ikitokea ameacha mwenyewe, kwa kuumwa au kwa kukosa hela, mwangalieni kwa siku nne. Akianza kuona vitu, akichanganyikiwa, akipata homa, au akianguka kifafa, hiyo ni dharura, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku wa manane. Akiwa kwenye kifafa mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu vilivyo karibu yake, msimtie kitu chochote mdomoni. Mkifika, msimwone daktari haya. Semeni wazi: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, tangu lini, ya mwisho aliinywa saa ngapi, na kwamba mwezi uliopita aliona wadudu. Habari hiyo ya wadudu ndiyo itamfanya daktari aamue alazwe au atibiwe akiwa nyumbani. Na muulizeni kuhusu vitamini B1. Mnywaji wa miaka mingi hula kidogo na utumbo wake haufyonzi vizuri, hivyo vitamini hiyo humwishia. Ikipungua sana, ubongo hudhurika: anayumba hata akiwa hajanywa, macho yanakosa mwelekeo, anachanganya mambo. Asipotibiwa mapema, kumbukumbu inaweza kuharibika moja kwa moja. Hospitali huchoma sindano ya B1, na kwa kawaida huitanguliza kabla ya dripu ya glukosi. Ni dawa rahisi, na inasikitisha sana mtu anapoikosa kwa sababu tu familia ilisema “ana malaria”.

Sasa hizo dawa za kutia kwenye chakula. Mara nyingi watu wanaposema hivyo wanaizungumzia disulfiram. Ni dawa halali, imetumika kutibu ulevi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipoanzia Denmark. Inazuia ini lisimalize kuivunja pombe, hivyo sumu inayotokana na pombe hujaa mwilini. Mtu aliyemeza akinywa hata kidogo, uso unamwiva, anatapika, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, presha inashuka. Dawa hiyo imewasaidia wengi, ila kwa sharti moja: anayeimeza ajue na akubali, kwa sababu nguvu yake yote iko katika yeye kujua kwamba akinywa ataumia. Akiimeza bila kujua, hana sababu ya kutokunywa. Atakunywa kama kawaida yake juu ya dawa, na mwenye moyo dhaifu au ini lililochoka anaweza kufia hapohapo sebuleni kwenu. Isitoshe, siku atakapogundua, hatakula tena chakula kutoka mkononi mwa mama. Mmekaa naye miaka mitatu ya shida, na kilichobaki kati yenu ni kwamba bado anawaamini. Msikitumie hicho kwa kidonge. Aliyewashauri alikusudia mema, lakini kataeni. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi au diazepam ya kununua wenyewe: hospitalini hutumika kutuliza arosto, kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi. Nyumbani, ikichanganywa na pombe, inaweza kumzimisha pumzi.

Hayo yakishaeleweka, nirudi kwenye swali lako. Umeuliza muanzie wapi, na barua nzima inamhusu yeye: yeye anakataa, yeye hataki, tumfanyeje yeye. Mimi nakuambia anza wewe. Nenda wewe kwa mshauri, wiki hii, peke yako au na mama, kabla yeye hajakubali lolote.

Najua hilo linaonekana kama kumpeleka asiyeumwa hospitali na kumwacha mgonjwa nyumbani. Familia karibu zote zinazonijia zilipoteza miaka kwa kuamini kwamba hakuna la kufanya mpaka mnywaji mwenyewe aseme “nisaidieni”. Huko Marekani kuna mwanasaikolojia anaitwa Robert J. Meyers aliyetengeneza njia ya kuwafundisha ndugu wa mnywaji namna ya kuishi naye na kuongea naye, mnywaji mwenyewe akiwa bado amekataa kata kata. Mwaka 1999 yeye na wenzake, William R. Miller na J. Scott Tonigan, walitoa matokeo ya utafiti wa ndugu 130 wa watu waliokuwa wamekataa tiba. Waligawanywa makundi matatu. Kundi lililofundishwa njia hiyo lilifanikiwa kumwingiza mnywaji kwenye tiba kwa asilimia 64. Kundi lililoandaliwa kuitisha kikao cha kumkabili mnywaji, yaani kile anachokitaka mjomba wenu, asilimia 30. Na wengi wao hata hicho kikao hawakukifanya, walishindwa moyo. Kundi la tatu lilielekezwa kwenye utaratibu wa Al-Anon, vikundi vya ndugu wa wanywaji, likapata asilimia 13. Hapo niwatendee haki Al-Anon: vikundi hivyo havikuundwa kumvuta mnywaji. Viliundwa ili wewe upate nafuu, na kwa hilo ninavithamini sana.

Kwa hiyo mwambieni mjomba, kwa heshima zote, kwamba msemo wa sikio la kufa siukubali kwa mnywaji. Sikio la kaka yako linasikia. Tatizo ni saa anayosemeshwa na namna anavyosemeshwa.

Kwanza uelewe kwa nini anasema hana tatizo. Usilichukulie kama uongo mtupu. Mtu huyo anabeba mawili kwa wakati mmoja: sehemu yake moja inajua kabisa, tena inajua kuliko ninyi, kwa sababu yeye ndiye anayeona mikono yake asubuhi, na sehemu nyingine haiwezi kuwaza siku bila pombe. Ukija na hoja za kwamba anaangamia, unaichukua ile sehemu ya kwanza na kuisema wewe, kwa hiyo yeye anabaki na kazi ya kuitetea ya pili. Miller, huyohuyo niliyemtaja, alianza kuandika juu ya jambo hili mwaka 1983: kadiri unavyombana mtu ndivyo anavyojisikia akiitetea pombe, na mtu huamini anachojisikia akikisema. Ukinyamaza na kuuliza vizuri, mara nyingi ataisema mwenyewe ile sehemu inayojua.

Na hilo la “nitaacha siku nikitaka”: kuzimua kunalijibu. Kati ya maswali manne ya kupima utegemezi ambayo daktari John Ewing aliyatoa mwaka 1984 na yanatumika mpaka leo, la mwisho ni hilohilo, kama mtu hunywa kitu cha kwanza asubuhi ili kutuliza mwili au kuondoa hangova. Kaka yako ni mtegemezi wa pombe. Ni ugonjwa, una matibabu, na wapo waliopona wakiwa wamefika mbali kuliko alipofika yeye.

Sasa tuje kwako na simu zako nne kwa bosi. Nitakuambia jambo langu. Baba yangu alikuwa mnywaji. Nikiwa na miaka kumi nilishajua kupokea watu mlangoni na kusema “baba ametoka”, kwa sauti ya kawaida kabisa, na baba amelala sakafuni hatua tatu nyuma yangu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Nilikuwa najipanga katikati ya mlango ili mgeni asione ndani. Nilijiona mtoto mwema, na mama aliniita mtoto mwema. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kila nilipoziba mlango ule, baba aliamka kesho yake bila kujua kwamba kuna mtu alikuja. Hakuna alichokosa. Pombe ilimlaza sakafuni, na mimi nikalipa gharama yake.

Ndicho unachofanya kwa bosi, na ndicho anachofanya mama kwa madeni. Usisikie vibaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi mmekuwa mkificha kwa niaba ya mgonjwa. Kipimo ninachowapa watu ni kujiuliza: hiki ninachokifanya kinamsaidia kaka, au kinaisaidia chupa? Kumpa chakula kunamsaidia kaka. Kumwondoa barabarani asigongwe kunamsaidia kaka. Kumpeleka hospitali, kumsikiliza, kucheka naye akiwa ametulia, yote hayo mfanyeni kwa wingi. Kulipa deni la alikokunywa kunamhakikishia kwamba kesho atakopeshwa tena. Bosi akipiga simu, usimtukanishe kaka wala usimtetee. Sema tu, “Nitampa simu mwenyewe aongee nawe,” na umpe. Ada ya mtoto ilipwe moja kwa moja shuleni, isipitie mkononi mwake.

Lakini kuacha kuficha kusifanywe kwa hasira, wala siku moja yote. Kaka aambiwe mapema, akiwa ametulia: “Kuanzia mwezi ujao, mama hatalipa deni la pombe tena.” Na mseme tu mnaloweza kulisimamia. Mkisema hamtalipa halafu wiki ya tatu mkalipa kwa sababu ya aibu ya mwenye deni kusimama nje, mmemfundisha kwamba kikomo chenu ni wiki tatu. Hapa ndipo mama atahitaji msaada kuliko mtu yeyote. Usimgombeze. Mama hulipa kwa sababu kulipa ndicho kitu pekee ambacho bado anaweza kumfanyia mwanawe, na ukimwondolea hicho bila kumpa kingine, atalipa kwa siri. Mpe kingine.

Hicho kingine nilijifunza kwa mama mmoja aliyekuwa anakuja kwangu peke yake, mwanawe akiwa amekataa katakata. Nilimwomba awe na daftari. Asiandike makosa ya mwanawe, hayo alikuwa anayajua kwa kichwa. Aandike saa ambazo mwanawe hakunywa au alikunywa kidogo, na alikuwa anafanya nini. Alirudi wiki ya kwanza akaniambia hakuna saa kama hizo. Wiki ya pili alikuwa na mistari miwili. Wiki ya nne akanifungulia ukurasa na kuuwekea kidole: Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Kila Alhamisi mchana jirani alikuwa anamletea kijana huyo redio na feni mbovu za kutengeneza, na siku hizo alikuwa hanywi mpaka jioni, kwa sababu mkono uliolewa haushiki waya mwembamba. Mama yake alikuwa hajawahi kuliona hilo, kwa kuwa siku za utulivu alikuwa anapumzika, na siku za fujo ndizo alizokuwa anampa mwanawe muda wake wote: kumsubiri, kumsema, kumlilia, kumwogesha. Tukazigeuza. Akilewa, mama anahakikisha yuko salama, anaingia kulala, hakuna maneno. Akiwa na feni mezani, mama anaketi karibu, anamletea chakula chake, anamwambia “nafurahi nikikuona hivi”. Haikuwa miujiza. Ilichukua miezi. Ila mazungumzo ya kwanza ya kweli kuhusu tiba yalifanyika juu ya meza ile, na yaliyaanzisha mwenyewe kijana.

Kaka yako naye ana Alhamisi yake mahali fulani. Itafuteni wewe na mama. Na binti yake msimwombe aitafute. Huyo ni mtoto.

Kuhusu kuongea naye. Vitabu vingi vinasema ongea na mnywaji akiwa hajanywa. Kwa mtu aliyefika alipofika kaka yako ushauri huo hautoshi, maana akiwa hajanywa kabisa anatetemeka na anachowaza ni cha kuzimua tu. Saa yake ni ile baada ya kuzimua, mikono imetulia, na bado hajalewa. Pengine ni saa moja tu kwa siku. Aongee mtu mmoja anayemheshimu, si kundi. Maneno yawe machache, yatoke kwenye jambo moja uliloliona, na yaseme lilikuuma vipi wewe, bila neno “mlevi”, bila “kila siku wewe”, bila kumlinganisha na mtu. Kwa mfano: “Kaka, jana binti alilala na viatu akikusubiri umsikilize akisoma. Nilimvua nikasikia uchungu. Nakupenda, na nimekukosa. Mimi nimeanza kwenda kwa mshauri kwa sababu yangu mwenyewe. Ijumaa nakwenda tena. Ningefurahi tukienda wote, hata ukakae tu.” Kisha nyamaza. Akikataa, sema sawa, na umwache. Usimkalie kooni. Mlango umeufungua, na wiki mbili baadaye unaweza kuufungua tena.

Akikubali, mwanangu, hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mtu anasema ndiyo Jumanne usiku, ndugu wanaanza kuulizana hospitali gani, nani atampeleka, hela iko wapi; ikifika Alhamisi, ile “ndiyo” yake imeshapoa. Nia ya mnywaji inaweza isidumu hata siku mbili. Kwa hiyo andaeni leo: mnajua ni hospitali gani yenye kitengo cha afya ya akili au kinachotibu uraibu, mmeshaongea nao, mnajua siku na gharama, mnajua ni nani atabaki na mtoto, na begi lina nguo mbili. Akisema ndiyo, asubuhi yake mko njiani.

Tiba yenyewe ina hatua. Ya kwanza ni kumtoa pombe mwilini kwa usalama, na kwa historia yake ya kuona wadudu ningependa alazwe. Hiyo huchukua siku chache, kwa kawaida kama wiki. Wengi hudhani hapo amepona, wanamrudisha nyumbani, na mwezi haujaisha keshaanza. Hajapona, ametolewa arosto tu. Kazi inayofuata ni ya miezi: ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja na wa familia, na kutibu kilicho chini yake kama kipo, kama vile sonona, kiwewe, au kukosa usingizi. Zipo pia dawa anazoweza kuzimeza akijua. Disulfiram nimeshaitaja. Naltrexone hupunguza ule utamu wa pombe na hamu yake, ila haifai kwa anayetumia dawa za maumivu za jamii ya morfini. Acamprosate husaidia aliyeacha asirudie, na kabla ya kuianza daktari hupima figo. Madaktari wengi hawazitaji mpaka waulizwe, ulizeni.

Vikundi vya Alcoholics Anonymous vilianza mwaka 1935 Marekani, na leo viko nchi nyingi sana, vingine kwa simu na intaneti. Kuingia ni bure, na humo atakutana na mtu aliyewahi kufukuza wadudu kwa shati. Hakuna mshauri anayeweza kumpa hicho, hata mimi.

Nyumba za soba, yaani makazi ya watu wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, ni jambo la kuangalia kwa macho mawili. Zipo nzuri mno, zinazoendeshwa na waliopona wenyewe. Zipo pia zinazopokea mtu akiwa na arosto bila muuguzi wala daktari, zinazopiga, zinazofunga watu minyororo na kuita nidhamu. Kabla ya kumpeleka, nenda mwenyewe ukaone. Uliza: arosto inasimamiwa na nani? Je, anaweza kuongea na ndugu zake? Akitaka kuondoka inakuwaje? Omba kuona wanapolala. Wakikuzuia usiingie, au wakikuahidi kwamba atapona kwa siku kadhaa bila shaka, ondoka.

Na anaweza kurudia. Wengi hurudia, wengine zaidi ya mara moja, kisha wanatulia. Akirudia arudishwe kwenye tiba haraka, bila hotuba. Daktari hamtimui mgonjwa wa presha kwa kuwa imepanda tena.

Nimebakiza mtoto. Miaka minane anaelewa kuliko mnavyodhani, na anachojaza mwenyewe pale msipomwambia ni kibaya kuliko ukweli: mara nyingi anaamini yeye ndiye sababu. Mwambie kwa maneno yake: baba anaumwa ugonjwa wa pombe, wewe hukuusababisha, huwezi kuuponya, watu wazima wanashughulikia, na unaruhusiwa kumpenda na kumkasirikia. Asitumwe kumchukua baba anakokunywa wala kumnunulia. Asipande gari wala pikipiki anayoendesha baba. Hilo halina mjadala. Na kama kaka anapiga mtu, au ameanza kutishia kumdhuru mtu au kujiua, usingoje saa yake ya utulivu. Mtoto na mama waondoke kwanza waende mahali salama, mwite msaada, mengine baadaye.

Wewe pia nakuuliza: unalala? Umeandika mambo ya kila mtu nyumbani isipokuwa yako. Al-Anon wana msemo kuhusu ulevi wa ndugu, kwamba hukuusababisha, huwezi kuuongoza, na huwezi kuuponya. Ni yaleyale niliyosema umwambie mtoto, kwa sababu na wewe unayahitaji.

Kwa wiki hii usifanye yote. Leo mwonyeshe mama barua hii, msome pamoja mpaka pale kwenye daftari. Kesho piga simu hospitali uulize siku wanayopokea watu wenye tatizo la pombe, na uwaambie habari ya wadudu. Mwambie mjomba kikao kisubiri. Ukishapata mistari yako miwili ya kwanza kwenye daftari, niandikie uniambie ni siku gani na alikuwa anafanya nini, tupange ni nani atakayeongea naye.